Shirika la Ndege Likijikinga na Wadai: Namna ya Kulinda Deni Lako

Tarehe 5 Desemba 2019 South African Airways (SAA) iliingizwa katika utaratibu ambao sheria ya Afrika Kusini inauita uokoaji wa biashara. Ndege ziliendelea kuruka na tiketi ziliendelea kuuzwa. Kilichobadilika ni kwamba kuanzia siku hiyo hoteli, mpishi wa chakula cha ndege, muuza vipuri na kila aliyekuwa na ankara ya zamani mkononi hakuweza tena kulifikisha shirika mahakamani ili alipwe.

Mwongozo huu ni wa mdai wa namna hiyo, yule asiye na jopo la mawakili kama benki. Nitafuata sheria ya Afrika Kusini, kwa sababu SAA na mwenzake Comair walipita mlango uleule wakatokea sehemu mbili tofauti, na kwa sababu SAA ilikuwa ikitua mpaka Dar es Salaam na Nairobi. Kenya na Marekani nitazigusa karibu na mwisho. Deni likiwa kubwa, tafuta wakili wa nchi husika. Haya yatakusaidia kujua umuulize nini.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe kabla ya kujumlisha deni

Barua ya taarifa ikifika, mtu hukimbilia kikokotoo. Acha kwanza. Tafuta siku ambayo utaratibu ulianza, maana ndiyo inayolikata deni lako vipande viwili. Kipande cha kabla ya siku hiyo kimeganda. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Makampuni ya 2008 kinakuzuia kushtaki, kukamata mali, hata kutekeleza hukumu uliyokwisha kuipata, mpaka msimamizi, yule anayeteuliwa kuiendesha kampuni wakati wa uokoaji, akubali kwa maandishi au mahakama ikuruhusu. Kipande cha baada ya siku hiyo kina nafasi nyingine kwenye foleni, na mara nyingi ndicho pekee kitakacholipwa chote.

Chukua mfano wa kubuni. Hoteli imewalaza marubani na wahudumu kuanzia tarehe 2 hadi 8 Desemba 2019, ikaandaa ankara moja ya wiki nzima. Ankara hiyo ikienda kama ilivyo, mhasibu wa upande wa pili ataiingiza yote kwenye madeni ya zamani. Kwake ndiyo kazi rahisi. Meneja mwenye akili anaikata. Usiku wa tarehe 2, 3 na 4 unaandikiwa ankara yake. Usiku wa tarehe 5, 6 na 7 unaandikiwa ankara mpya yenye namba mpya, ikiambatana na orodha ya wageni iliyosainiwa na kiongozi wa wahudumu wa ndege. Kazi ya nusu saa, lakini ndiyo tofauti ya kulipwa senti chache na kulipwa kamili.

Usishangae kuona hakuna hakimu katika hatua hii. Afrika Kusini bodi ya wakurugenzi inatosha: inapitisha azimio kwamba kampuni haitamudu madeni yake ndani ya miezi sita ijayo lakini bado inaokoleka, inaliwasilisha kwa tume ya usajili wa makampuni, CIPC, kisha inateua msimamizi. Wewe nawe una mlango wako. Mdai, mwenye hisa, mfanyakazi au chama chao anaweza kwenda mahakamani kuomba kampuni iokolewe hata bodi ikisitasita. Chama cha wafanyakazi cha Solidarity kilifungua ombi la namna hiyo dhidi ya SAA Novemba 2019. Na kama unaona uokoaji ni danganya toto, kwamba hakuna kinachookoleka, unaweza kuiomba mahakama ilitengue azimio la bodi.

Hatua ya 2: Jua umesimama fungu gani

Wadai hawako sawa. Malalamiko mengi hutoka kwa watu waliodhani wako mbele kwenye foleni kumbe wako nyuma.

Anza na ndege zenyewe. Rangi na nembo za ubavuni hazikuambii mwenye mali ni nani. Sehemu kubwa ya ndege za mashirika haya ni za kukodi, na mwenye ndege hagawani na wadai wengine ndege ambayo ni yake. Watanzania waliliona hilo Agosti 2019, Airbus A220 iliyokuwa ikirushwa na shirika lao la ndege, ATCL, ilipokamatwa Johannesburg. Mdai hakuwa akiidai ATCL hata senti. Alikuwa akiidai Serikali fidia ya ardhi iliyotaifishwa, na ndege ilikuwa mali ya Wakala wa Ndege za Serikali, ATCL ikiwa mkodishwaji tu. Mahakama iliiachia mwezi uliofuata. Kwa hiyo ukiona ndege nane zimepangwa uwanjani, usizihesabu kama dhamana yako.

Wenye ndege wana ngao nyingine pia: Mkataba wa Cape Town, uliotiwa saini katika jiji hilo tarehe 16 Novemba 2001. Haki zao husajiliwa katika daftari la kimataifa linaloendeshwa kutoka Dublin, na katika nchi zilizoridhia kipengele husika, shirika lililojikinga hupewa muda maalumu wa kulipa malimbikizo au kurudisha ndege. India ilijifunza hili kwa uchungu. Shirika la ndege la Go First lilipojikinga Mei 2023, zuio lilizifunga ndege za watu chini kwa karibu mwaka mzima. Serikali ikabadilisha kanuni Oktoba 2023, na Aprili 2024 Mahakama Kuu ya Delhi ikaamuru ndege 54 zifutwe kwenye usajili ili wenyewe wazichukue.

Chini ya wenye ndege wapo wenye dhamana iliyosajiliwa, hasa mabenki. Wafanyakazi wana kipaumbele kwa mishahara iliyobaki. Kisha wanafuata wasio na dhamana, na hapo ndipo walipo karibu wasambazaji wote, hoteli, wauza mafuta waliokopesha na abiria wenye tiketi. Jambo moja linaweza kukufurahisha: Mahakama Kuu ya Afrika Kusini iliamua mwaka 2012 kwamba katika uokoaji wa biashara mamlaka ya kodi, SARS, haina upendeleo, inapiga kura kama mdai wa kawaida. Kwenye ufilisi hali ni nyingine.

Kama uliuza vipuri au sare kwa mkataba unaosema mali inabaki yako hadi ilipwe, toa mkataba huo kabatini leo. Andika orodha ya vitu, namba zake na ghala vilipo. Huwezi kuvichukua bila kibali cha maandishi cha msimamizi maadamu kampuni inavishikilia kihalali, lakini ukichelewa vitafungwa kwenye injini na mjadala utakuwa umekwisha.

Hatua ya 3: Wasilisha dai lisilo na mwanya

Fomu ya madai ni fupi. Kazi iko kwenye viambatisho: mkataba, hati ya kuagiza iliyotoka kwa shirika, hati ya kupokelea mzigo yenye saini, ankara, na taarifa ya akaunti inayoishia siku moja kabla ya tarehe ile. Kama mlifanya biashara kwa dola, uliza dai litabadilishwa kuwa randi kwa kiwango cha siku gani.

Usitie chumvi. Ukidai riba isiyomo kwenye mkataba au fidia ya hasara uliyojikadiria mwenyewe, msimamizi ataliweka dai kwenye kundi la yanayobishaniwa, na haki yako ya kupiga kura itayumba pamoja nalo. Ni bora dai dogo lililokubaliwa. Tuma kwa anwani iliyo kwenye taarifa rasmi na utunze uthibitisho kwamba limepokelewa. Ofisa wa malipo uliyezoeana naye miaka yote hana tena mamlaka, hata akikuhakikishia kwamba "jina lako limo".

Mawakala wa tiketi wajihadhari zaidi. Wakala anashika nauli za watu huku anadai kamisheni, na kishawishi cha kukata kimoja kwa kingine ni kikubwa. Kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, zinazichukulia nauli zilizokusanywa kama fedha za shirika ambazo wakala amekabidhiwa tu. Kuzizuia kunaweza kukugharimu uwakala wenyewe.

Hatua ya 4: Amua kama utaendelea kuhudumia

Msimamizi atakupigia simu. Anahitaji chakula, usafi, mafuta na vitanda vya marubani, la sivyo ndege hazipai. Hapa una nguvu kuliko wakati mwingine wowote. Itumie kwa masharti mapya, usiitumie kulazimisha deni la zamani lilipwe kwanza. Msimamizi hana ruhusa ya kukuvusha foleni mbele ya wenzako, na ukimbana unapoteza muda.

Sheria inaipa nafasi ya juu fedha inayoingia baada ya tarehe ile. Ndiyo maana Benki ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, DBSA, ilithubutu kuikopesha SAA randi bilioni 3.5 Januari 2020, wakati ambapo hakuna mtu mwenye busara angeikopesha kwa masharti ya kawaida. Lakini bidhaa au huduma uliyotoa kwa mkopo haipandi juu yenyewe kwa sababu tu imetolewa baada ya tarehe. Mabishano ya jambo hili yamefika mahakamani mara kadhaa. Kwa hiyo dai mojawapo: malipo kabla ya huduma, au barua ya msimamizi yenye saini inayosema deni hili jipya litahesabiwa kama ufadhili wa baada ya kuanza uokoaji. Ningekuwa mimi, ningechagua fedha mkononi, kila wiki, na kikomo ambacho sivuki hata nikibembelezwa.

Hatua ya 5: Nenda kwenye mkutano wa kwanza

Unaitishwa ndani ya siku 10 za kazi tangu msimamizi ateuliwe. Wengi hawaendi kwa kuona hakuna hela zitakazogawiwa siku hiyo. Ni kweli, hazigawiwi. Lakini hapo ndipo msimamizi anaeleza kama anaona matumaini, na hapo ndipo kamati ya wadai inaundwa. Kamati haina mamlaka ya kumwamuru msimamizi. Inashauriana naye, inapata taarifa mapema, na inauliza maswali kwa niaba ya wengine. Mdai mdogo atafute wadogo wenzake kabla ya mkutano, wamsimamishe mtu mmoja. Wafanyakazi wana kamati yao tofauti.

Mambo yakipita miezi mitatu, msimamizi anawajibika kutoa taarifa ya maendeleo kila mwezi. Usipoipata, idai kwa barua.

Hatua ya 6: Usome mpango, kisha upige kura

Sheria inampa msimamizi siku 25 za kazi kuchapisha mpango wa kuiokoa kampuni, na muda huo unaweza kuongezwa. Kwa SAA uliongezwa mara kwa mara hadi Juni 2020, miezi sita baada ya kuanza. Ukipitishwa unamfunga kila mdai, awe alihudhuria au hakuhudhuria, awe alithibitisha deni lake au hakulithibitisha. Kwa hiyo mpango huu ni karatasi muhimu kuliko ankara zako zote, na usome hasa sehemu nne.

Kwanza, makadirio ya kile ambacho ungepata kampuni ingefilisiwa leo. Sheria inalazimisha yawemo. Hicho ndicho kipimo chako, wala si deni zima. Mpango wa SAA uliwapa wadai wa kawaida wasio na dhamana senti 7.5 kwa kila randi. Aliyekuwa akidai randi milioni 2 alikuwa anaangalia randi 150,000, tena kwa awamu. Inauma, lakini tarehe 14 Julai 2020 wadai waliupitisha kwa asilimia 86, na sidhani walikuwa wamerogwa. Walilinganisha na chungu kitupu.

Pili, fedha zinatoka wapi. "Mwekezaji atapatikana" si chanzo cha fedha. Hata ahadi ya serikali si fedha mpaka ipite bungeni: mpango wa SAA ulipigiwa kura Julai, na randi bilioni 10.5 za kuutekeleza zikatengwa kwenye bajeti ya katikati ya mwaka, Oktoba. Shirika lilitoka kwenye uokoaji tarehe 30 Aprili 2021 na kurudi angani Septemba 2021.

Tatu, nini kinawapata wadhamini. Kama kampuni mama au mkurugenzi alikuwekea saini ya kulipa shirika likishindwa, mpango usimfungulie mlango wa nyuma. Ukikubali deni lenyewe lifutwe, mdhamini atajaribu kuponyoka nalo. Dai sentensi moja kwenye mpango inayosema haki zako dhidi yake zinabaki kama zilivyo.

Nne, unalipwa kwa kitu gani. Kubadilisha deni kuwa hisa kunasikika vizuri kwenye ukumbi wa mikutano. Wadai wa American Airlines, iliyojikinga Novemba 2011, walibahatika: walipewa hisa za kampuni mpya iliyoungana na US Airways, zikapanda. Mabenki ya Kenya yaliyokuwa yakiidai Kenya Airways yalibadilisha mikopo yao kuwa umiliki wa asilimia 38.1 mwaka 2017. Huo ulikuwa mpango wa kurekebisha madeni, shirika halikuingia kwenye ufilisi. Ila Julai 2020 uuzaji wa hisa zake ulisimamishwa katika soko la Nairobi, na haukurudi hadi Januari 2025. Hisa usiyoweza kuiuza haimlipi mtu mshahara.

Kura zinahesabiwa kwa thamani ya madeni. Mpango unahitaji zaidi ya asilimia 75 ya thamani iliyopigiwa kura, na angalau nusu ya kura za wadai huru, yaani wasio ndugu wala jamaa wa kampuni, ziwe za ndiyo. Mpango ukikwama, mtu anaweza kujitokeza kununua haki ya waliokataa kwa bei ya makadirio ya ufilisi. Anayekataa afahamu kwamba hiyo ndiyo sakafu yake.

Wafanyakazi na abiria

Kujikinga hakuvunji mikataba ya ajira. Wasimamizi wa SAA walipoanza mchakato wa kupunguza watu kabla ya kuchapisha mpango, vyama vya NUMSA na SACCA vilikwenda Mahakama ya Kazi, na Mei 2020 vikashinda: mpango kwanza, kupunguza baadaye. Mfanyakazi anayepewa karatasi ya "kuondoka kwa hiari" asome jambo hilo kabla ya kushika kalamu.

Abiria mwenye tiketi ni mdai asiye na dhamana. Kama alilipa kwa kadi, aanzie benki yake siku hiyohiyo kuomba malipo yarudishwe kwa huduma ambayo haikutolewa. Kuna ukomo wa siku. Vocha aikubali tu kama anaamini shirika litakuwa linaruka siku atakayoitumia.

Barua ikitoka New York au Nairobi

Mashirika yasiyo ya Kimarekani hujikinga Marekani. LATAM, Avianca na Aeromexico walifanya hivyo 2020, na SAS ya Skandinavia ikafuata Julai 2022. Kwa hiyo karatasi ya mahakama ya New York si lazima iwe utapeli. Ithibitishe kwenye tovuti ya mahakama, kisha angalia mambo matatu. La kwanza ni siku ya mwisho ya kuwasilisha dai. Ikipita, deni kwa kawaida limekwenda. La pili, bidhaa ulizofikisha ndani ya siku 20 kabla ya kujikinga zina kipaumbele cha juu, zitenge kwenye dai lako. La tatu, malipo uliyopokea ndani ya siku 90 za mwisho yanaweza kudaiwa yarudishwe, hivyo tunza ushahidi kwamba yalifuata mazoea yenu ya kawaida. Utapigiwa pia na wanunuzi wa madeni wanaotoa sehemu ya thamani papo hapo. Si dhambi kuwauzia, hasa kama huna wakili kule, ila usisaini na wa kwanza.

Kenya ina Sheria ya Ufilisi ya 2015, yenye usimamizi unaofanana na huu: zuio dhidi ya kesi, mapendekezo yanayopelekwa kwa wadai, na kikomo cha miezi 12 kinachoweza kuongezwa. Hatua za tarehe, fungu na karatasi zinatumika vilevile.

Hatua ya 7: Kama uokoaji utakufa

Comair, iliyorusha ndege za chapa ya kulula na za British Airways ndani ya Afrika Kusini, ilijikinga Mei 2020. Mpango ukapitishwa Septemba, na Desemba ikarudi angani. Mwisho wa Mei 2022 fedha ziliisha, ndege zikasimama, na mwezi Juni wasimamizi wenyewe wakaomba mahakama iifilisi.

Hapo sheria nyingine inaingia, ya mwaka 1936, na ndani yake kuna mtego ambao wageni wengi hawaujui. Mdai aliyethibitisha deni lake kwenye ufilisi anaweza kutakiwa achangie gharama za ufilisi, kama mali isiyo na dhamana haitoshi kuzilipa. Unaingia ukidai, unatoka umelipishwa. Kwa hiyo muulize mfilisi makadirio ya mali hiyo huru kabla ya kuwasilisha chochote. Akijibu kwamba hayajulikani bado, subiri huku ukihesabu siku: dai likija zaidi ya miezi mitatu baada ya mkutano wa pili wa wadai linahitaji ruhusa maalumu. Pitia pia malipo uliyopata katika miezi sita ya mwisho kabla ya ufilisi, maana mfilisi anaweza kuyadai akiona ulipendelewa. Barua pepe zinazoonyesha ulilipwa kwa utaratibu uleule wa miaka yote zihifadhiwe nje ya kompyuta ya kazini, pamoja na zile ankara mbili ulizozitenganisha.